Makaburi Ambayo Hayakuwa ya Kale

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa barazani kwetu Suji, juu mlimani, na asubuhi niliamshwa na mlio wake kabla ya kuamshwa na mtu. Alishona sare za shule, magauni ya kipaimara na suruali za wazee wa kanisa. Kisha ikaja ile miaka ambayo duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia. Kitambaa kilitoweka kwanza, ukafuata uzi, halafu sindano. Watu wakawa wanaleta nguo za kugeuzwa. Kola iliyochakaa baba aliigeuza upande wa ndani ukawa nje, na suruali ya mzazi aliipunguza ikawa ya mtoto. Alifumua nyuzi za magunia akazijaribu kwenye mashine, mashine ikazikataa, naye akaanza kushona kwa mkono.

Ruksa ilipofika, serikali ilipofungua milango ya biashara, tulidhani shida imekwisha. Bidhaa zilikuja kweli. Sabuni ya harufu nzuri ilirudi, sukari ikarudi, betri za redio zikarudi. Lakini na marobota ya mitumba yalikuja pamoja nazo. Soko la Myamba likajaa mashati yaliyoshonwa na watu tusiowajua, kwa bei ambayo fundi hawezi kuikaribia hata akishona bure. Uhaba ulimpunguzia baba kazi, wingi ukaimaliza. Namkumbuka amesimama mbele ya lundo la mitumba, ameshika shati la kiume, anakagua mshono wa kwapani.

"Wameshona vizuri," alimwambia mama.

Akalikunja lile shati taratibu, kama anamkabidhi mteja, akalirudisha kwenye lundo.

Wakati huohuo ada ya shule ilianza kudaiwa upya. Baba akasema anateremka Same mjini, kuna mwenye duka anatafuta fundi. Mashine yake aliiacha nyumbani, akasema huko mashine zipo. Akawa anapanda kuja kutuona mara chache, na kila akija alikuwa amekonda zaidi na amekuwa mweusi wa jua, jambo la ajabu kwa mtu anayeshinda ndani ya duka. Viganja vyake vilikuwa na mikwaruzo iliyopona juu ya mikwaruzo. Nilimuuliza kama mashine za mjini zina miiba. Alicheka, akaweka mikono yake chini ya meza, akaniuliza habari za hesabu.

Habari ya kifo chake ilitufikia kwa mama mmoja aliyekuwa akipandisha samaki wakavu kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu hadi soko la Myamba. Baba ndiye aliyemshonea gauni lake la harusi. Alikuja mpaka nyumbani, akatua ungo, akakataa kukaa.

"Sikuwaambia mapema, na sasa naona vibaya," alisema. "Njiani huwa napita kwenye shamba la mkonge kuwauzia manamba samaki. Nilimwona huko, anakata mkonge. Aliniangalia, nikajua anaomba nisimtambue. Nikapita. Juzi nimepita tena, nimeambiwa amekufa kwa tumbo la kuhara. Wameshamzika."

Mama alikuwa anachambua maharage ya makande. Aliendelea kuchambua. Mikono ilikuwa inafanya kazi yake na uso haukuwa na habari nayo. Yule mama wa samaki alipoondoka ndipo akasema, "Alikuwa anakata mkonge," kwa sauti ya mtu anayerudia neno la lugha ngeni.

Ni lazima nieleze jambo hili kwa msomaji asiyetujua. Sisi watu wa mlimani tulikuwa na mashamba yetu ya kahawa na migomba, hata kama yalikuwa madogo. Mkonge ulikatwa na manamba, vibarua waliotoka mbali, Kigoma, Singida, Mtwara, wasio na ardhi huku. Mpare wa Suji, mwenye nyumba na kiti kanisani, kuonekana tambarare akikata mkonge pamoja na manamba, watu wangemcheka. Hivyo ndivyo tulivyofikiri. Naandika hivi kwa sababu fikra hizo ndizo zilizomfanya baba afe peke yake.

Baba mdogo, mdogo wake wa kuzaliwa, aliteremka kumfuata. Ofisini shambani wakamwambia hawana mfanyakazi wa jina hilo. Wakamwonyesha eneo la makaburi nyuma ya kambi, matuta mapya yaliyolainishwa na mvua, hayana hata kibao. Alirudi na vumbi la viatu tu. Tulifanya ibada bila mwili. Baada ya miaka michache lile shamba lenyewe lilianguka, mitambo ya kuchakata ikasimama, wafanyakazi wakatawanyika, ardhi ikauzwa na kuuzwa tena. Mkonge ukabaki unaota ovyo, ukitoa milingoti yake mirefu ya maua pasipo mtu wa kuikata.

*

Mimi nilisoma. Mama aliuza ng'ombe, kanisa likasaidia, na chuoni nikaangukia somo la mambo ya kale, ambalo nyumbani hakuna aliyelielewa. Baba mdogo alikuwa akiniita "mchimba vigae". Kazi yangu ikawa kutangulia mbele ya matingatinga. Kabla ya barabara kupita, kabla ya bwawa kujazwa, sisi tunaipitia ardhi kwa miguu kuona kama kuna kitu cha wahenga kinachostahili kuokolewa.

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa nilipopigiwa simu na profesa aliyekuwa kiongozi wetu. Kampuni moja ilitaka kujenga mitambo ya umeme wa jua katika tambarare ya Same, na eneo lilihitaji kukaguliwa. Alipolitaja eneo nililitambua.

"Profesa," nikasema, "hapo ndipo alipozikwa baba yangu."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika na shamba. Kaburi silijui."

Alikuwa Mhaya mzee, mpole, anayependa kufikiri kabla ya kujibu. "Basi njoo," akasema. "Ukiona inakushinda, utaniambia, nami nitakuelewa."

Ukaguzi wenyewe hauna maajabu. Mnasimama kwa mstari, kila mmoja na nafasi yake, mnatembea mkiangalia chini. Ukiona kitu unachomeka kibendera. Upepo wa Same unavuma kuanzia saa tatu asubuhi na kukurushia mchanga machoni, na jua la pale, ambalo kampuni ilikuwa imelifuata kutoka mbali, linapiga mpaka mawe yanauma kupitia soli. Tulipita katikati ya migunga na mikonge iliyogeuka pori. Tulipata mavi ya chuma, yale mabonge meusi yanayobaki mhunzi akishayeyusha madini, maana watu wa milima hii walikuwa wahunzi kabla ya kuwa wakulima wa kahawa. Tulipata vigae vyenye nakshi na vipande vya mifereji ya udongo ya kupulizia moto. Profesa alifurahi kama mtoto. Kila kipande kilipigwa picha, kikapimwa na kuwekwa kwenye mfuko wake.

Makaburi niliyaona mimi. Mwanzoni niliona sahani ya bati imefunikwa juu ya jiwe, rangi imebanduka, imetobolewa katikati. Kisha nikaona nyingine. Kisha chupa iliyochomekwa shingo chini, kikombe kisicho na mkono, na mstari wa mawe madogo ambayo hayakujipanga yenyewe. Watu waliotoka mbali walikuwa wamewazika wenzao kama kwao wanavyozika, na kuwawekea juu ya kaburi vyombo walivyokuwa wakitumia kula. Nilisimama. Wenzangu waliendelea kidogo ndipo wakaona mstari umekatika.

Profesa alikuja akachuchumaa kando ya sahani. Hakuigusa.

"Haya si ya kale," akasema.

"Si ya kale."

"Sheria yetu haiyafikii, dada yangu. Vigae vile vitapewa uzio na miezi ya uchimbaji. Hawa, kwa sheria yetu, bado hawajakaa kaburini vya kutosha." Alisimama akajifuta magoti. "Lakini kuna sheria ya makaburi, nayo ni ya watu wote. Yanaandikwa yote, linatolewa tangazo, ndugu wanaitwa. Wewe upumzike leo."

Sikupumzika. Nilichomeka vibendera mwenyewe, kaburi moja baada ya jingine, na kwa kila kibendera nilijiuliza, ni wewe? Hakuna lililokuwa kubwa kuliko mwenzake. Hakuna lililogeuka upande mwingine. Mvua za miaka yote zilikuwa zimeyafanya ndugu.

*

Katika kambi ya zamani ilikuwa imebaki nyumba moja yenye paa. Aliishi humo mzee kutoka Kigoma aliyekuja kukata mkonge akiwa kijana. Shamba lilipofungwa wenzake walipata namna ya kuondoka, yeye hakupata. Alifuga mbuzi wachache na kuuza mkaa. Nilimwamkia, nikampa sukari na majani ya chai, tukakaa kwenye kivuli cha ukuta.

"Mzee wangu, namtafuta mtu aliyefanya kazi hapa. Mpare. Alikuwa fundi wa kushona."

Alifikiri sana. "Mpare hatukuwa naye. Wapare walikuwa juu ya mlima." Kisha akasema, "Fundi alikuwepo. Alikuwa anatushonea viraka jioni, kwa mkono. Kitambaa akikosa, anachukua mfuko wa unga. Uzi akikosa, anachambua singa za mkonge mpaka zinakuwa nyembamba kama nywele. Akikaa, mguu wake mmoja haukutulia. Unapiga chini, unapiga chini."

Baba alikuwa hivyo. Hata kanisani mguu wake ulikuwa ukikanyaga mashine isiyokuwepo.

"Ndiye," nikasema.

"Huyo alituambia ni mtu wa Singida, na jina alilojiandikisha lilikuwa la huko. Alisema hana mke, hana mtoto, wote walikufa." Mzee aliniangalia, akaona alichokisema. "Pole, mwanangu. Mimi narudisha maneno yake tu."

Nilimuuliza alizikwa wapi. Alinyanyuka, akanipeleka mpaka penye vibendera, akazunguka kwa fimbo yake, akaenda kaburi hili, akarudi lile. Mwishowe akasimama.

"Ilikuwa mvua kubwa, na ugonjwa ule ulichukua watu mfululizo," akasema. "Tulizika kwa woga. Asubuhi unamzika mwenzako, jioni hujui nani atakuzika wewe. Yupo hapa. Wapi, nitakudanganya."

*

Nilipanda Suji kumweleza mama. Alikuwa amezeeka, macho yamefifia, lakini masikio yalikuwa yake yaleyale. Nilimsimulia yote isipokuwa maneno ya Singida. Akauliza, "Kwa nini ofisini walisema hawamjui?" Nikalazimika kumwambia na hayo.

"Alisema tumekufa?"

"Alikuwa anaona aibu, mama."

"Aibu ya nini? Mkonge ni wizi?" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. "Mimi ningeteremka. Ningempikia. Angekata mkonge nami ningempikia, tukaonekana na watu wote, basi. Kwani kuonekana kunaua?"

Usiku ule hakula. Asubuhi akaomba nimtafutie viatu vya kuteremkia.

Siku ya mkutano tulikwenda watatu, mama, baba mdogo na mimi. Walikuwepo afisa wa wilaya, mchungaji na shehe, na injinia kijana wa kampuni aliyekuwa amevaa kofia ngumu na kuivua kila alipozungumza na mtu mzima. Tangazo lilikuwa limesomwa redioni na kubandikwa kila mahali. Ndugu waliokuja walikuwa sisi tu. Wengine wangekuja kutoka wapi? Kuna mama wa Kigoma au Mtwara ambaye mpaka leo anadhani mwanawe alihamia mji mwingine.

Afisa alieleza kwamba makaburi yatahamishiwa kwenye kiwanja kipya kando ya barabara, na ndugu waliojitokeza watapewa mabaki ya watu wao. Nikasema baba yetu yumo, lakini hatujui ni yupi. Walizungumza pembeni. Kisha yule injinia akaja akachuchumaa mbele ya mama.

"Mama, sisi tuko tayari kusaidia. Chagua kaburi moja tu. Tutaleta jeneza na gari, tutampandisha mpaka nyumbani."

Alisema kwa moyo mweupe. Baba mdogo akadakia, "Mungu awabariki. Shemeji, chagua. Hata mfupa mmoja. Tukamlaze kwenye ardhi ya baba zake, ukoo utulie. Nimebeba jambo hili tangu nirudi na mikono mitupu."

Mama akasimama, akaomba nimshike mkono. Tukatembea kati ya mistari. Alikuwa anainama, anapapasa sahani, anapapasa mawe. Tulifika mwisho, tukageuka. Upepo nakumbuka kama ulipungua, ingawa sidhani kwamba ulipungua kweli.

"Nikimchukua huyu," akamwambia baba mdogo, "na huyu akawa mtoto wa mtu, mama yake siku akija nimwambie nini? Nimwambie nilimwiba kwa sababu nilikuwa na gari?"

"Shemeji, nani atakuja? Umeona mtu hapa?"

"Mimi nimekuja. Nilichelewa, lakini nimekuja."

"Basi unamwacha kaka yangu porini mara ya pili."

"Hayuko porini. Yuko na wenzake. Sisi ndio tuliomwacha."

Baba mdogo alivaa kofia yake, akaenda barabarani kusubiri basi. Hakutuaga, na kwa muda mrefu baada ya hapo hakukanyaga nyumbani kwetu.

Mzee wa Kigoma alikuwa amekaa nyuma siku nzima. Watu walipotawanyika alimsogelea mama.

"Pole, shemeji," akasema. Alimwita hivyo kwa sababu alikuwa amefanya kazi na mumewe.

Mama alikuwa amebeba makande kwenye hotipoti. Akamkaribisha, wakala pamoja chini ya kivuli cha gari la wilaya. Alimuuliza kama baba alikuwa akicheka.

"Kidogo," mzee akasema. "Akimaliza kukupigia kiraka anakwambia, 'Sasa nenda kaoe.' Ndiyo ilikuwa kucheka kwake."

Mama akatabasamu, kisha akajifunika uso kwa kanga.

*

Wakati wa kufukua nilimwomba profesa nami nifanye kazi. Alisita, akakubali. Tulizungushia turubai, bwana afya akasimamia, na kila mmoja tulimtoa taratibu, tukamweka kwenye sanduku lake. Nimezoea mifupa. Ile sikuizoea. Nilikuwa natafuta, lazima nikiri, alama yoyote, kidole kilichozoea subana ya kushonea, goti lililolika kwa kukanyaga mashine. Mifupa ya watu wanaofanya kazi ngumu inafanana, imelika palepale.

Kisha katika sanduku moja nikaona kipande cha kaptura ya kitambaa kile cha zamani kisichooza. Kwenye makalio kulikuwa na kiraka. Pembe zake zilikunjwa kwa ndani, na mshono ulikwenda mbele hatua mbili ndogo na kurudi moja, kama ule uliokuwa kwenye sare zangu zote za shule. Nikamwita profesa, nikamwonyesha ule mshono.

Lakini aliyevaa kaptura ile alikuwa kijana mdogo, meno yake ya mwisho hayajatoka. Na kaburi lililofuata lilikuwa na shati lenye kiraka cha aina hiyohiyo. Na jingine mbele yake. Baba aliwashonea wote. Nikakaa chini kwenye udongo nikalia, na hakuna aliyenizuia.

Nilimpelekea mama habari hiyo. Alisema, "Basi hawakuzikwa uchi." Hakutaka niirudie hadithi hiyo kwa wageni.

Tuliwazika upya kwenye kiwanja cha kando ya barabara, mchungaji akisoma upande huu na shehe akiomba dua upande ule. Mama alitupa udongo katika kila kaburi, akipumzika kila baada ya machache. Mzee wa Kigoma alijengewa chumba karibu na hapo, akawa anapafagia. Vigae na mavi ya chuma vilipelekwa kwenye hifadhi na kupewa namba. Paneli zikasimamishwa, safu kwa safu, na ukiwa Suji asubuhi unaziona ziking'aa huko chini kama maji ambayo tambarare ile haikuwahi kuwa nayo.

Haukupita muda mrefu mama akafariki. Alizikwa nyumbani, peke yake.

Baada ya arobaini ya mama, baba mdogo alikuja. Alikuwa ameinama kwa uzee, anatembelea mkongojo. Hakutaja ugomvi. Alisema, "Nipeleke kule," nami nikampeleka. Alisimama getini akiangalia mistari ya misalaba na mawe.

"Wote wapo hapa?"

"Wote, baba mdogo."

"Na hujui ni yupi?"

"Sijui."

Alitembea mpaka katikati, akatazama kulia na kushoto kama mtu aliyeingia kwenye chumba chenye watu wengi. Kaka yake alikuwa amekufa kijana. Yeye sasa alikuwa na umri wa kuweza kumzaa. Akavua kofia.

"Shikamoo, kaka," akasema, akiwaelekea wote.

Tukakaa hapo mpaka jua likapungua ukali, halafu nikamsaidia kuingia garini.